Mkilua wangu ulichanua nilipoacha kufagia shinani

Ndugu yangu wa Bagamoyo, umesema mkilua wako, kile kichaka cha maua ya kunukia, una miaka mitatu uani, majani yanaungua pembeni na ua hujaliona hata moja. Tafadhali usiung'oe. Nami hapa Tanga nilianza hivyohivyo.

Mche wa kwanza niliupanda peupe, nikidhani utapenda jua kama asumini. Kaskazi ilipoingia, ncha za majani zikawa kahawia, ukizifikicha zinapukutika. Nikauhamisha, mzizi mkuu ukakatika, ukafa. Iliniuma, mbegu ilikuwa ya bibi mzaa mama.

Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani yetu na ya Kenya, humea chini ya miti mikubwa. Ni ukoo mmoja na mstafeli na mlangilangi. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoupa jina la kitaalamu mwaka 1970, aliuita Mkilua fragrans, yaani neno letu kalichukua kama lilivyo.

Wa pili niliupanda chini ya mwembe, upande unaopata jua la asubuhi tu. Shimo nilijaza mboji, maana ardhi yangu ni mchanga mtupu. Halafu nikaacha kufagia pale. Sisi tumezoea kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae, kumbe mkilua unataka majani yaoze shinani pake. Kiangazi nilimwagia ndoo moja jioni, mara mbili kwa wiki.

Vuli ya mwaka wa sita, nikitandua nguo kambani, nikasikia harufu. Nililitafuta ua kwa muda, limejificha katikati ya majani.

Wako usiuhamishe. Simamisha makuti upande wa magharibi, kisha panda migomba miwili hapo, itashika kivuli ikikua.

Ukichanua, chuma vilua, yaani maua yake, jioni. Mimi huvifunga kwa uzi pamoja na asumini, rehani na kipande cha mkadi, kinakuwa kikuba, kishada cha kunukia. Binti wa dada yangu alipoolewa nilimbandika kimoja kifuani, na kanga aliyovaa nayo ikanukia siku kadhaa. Vinavyobaki huviweka sandukuni baina ya nguo.

Ukitaka mwingine, usinunue mche uliong'olewa msituni, misitu yenyewe imebaki vipande. Panda mbegu mbichi, mara tunda linapoiva. Zangu zilikaa miezi minne kimya, nilikuwa karibu kuumwaga udongo. Mwaka huu nina miche mitatu kwenye viriba, mmoja ni wako ukipita Tanga.