Likya ya chungwa: hesabu sukari kabla ya kubuni

Swali la wiki: "Nina chupa ya likya ya chungwa, ile pombe tamu yenye ladha ya chungwa. Nitabunije kokteli yangu, isiwe margarita tena?"

Anzia kwenye sukari, maana huko ndiko kokteli nyingi za kubuni huharibikia. Cointreau, likya ya chungwa inayotengenezwa Angers, Ufaransa, ina kilevi cha asilimia 40, sawasawa na jini au ramu, na juu yake ina karibu robo kilo ya sukari kwa lita. Ndiyo kusema mililita 20 zinaleta pombe kamili pamoja na gramu 5 za sukari, pungufu kidogo ya mililita 10 za shira ya sukari na maji nusu kwa nusu. Ihesabu kotekote: kwenye pombe na kwenye utamu.

Kipimo cha kuanzia ni jini au Konyagi mililita 45, likya 20, maji ya ndimu 20, shira 5. Kikiwa kikali kwa ndimu, ongeza shira, usiongeze likya. Likya ikifika 40, harufu ya chungwa inafunika kila kitu na glasi inalevya haraka, huku uchachu ukiwa bado haujatulia.

Sasa badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Mimi ningeanza na ukwaju. Loweka gramu 50 kwenye mililita 150 za maji ya moto kwa dakika 20, ufikiche kwa mkono, kisha chuja kwa kitambaa. Chujio la chai linaacha makapi yanayotuama chini ya glasi. Ramu nyeusi 45, likya 20, maji ya ukwaju 20, ndimu 10 tu, shira 10. Ndimu inapungua kwa sababu ukwaju wenyewe ni mchachu. Ukiacha zote 20, meno yatakufa ganzi. Chumvi, chembe chache kwa ncha ya kisu, hupunguza ule ukakasi wa mwisho.

Tikisa na barafu tele kwa sekunde 12 hivi. Barafu iwe ngumu na kavu: ile iliyokwisha kuanza kutoa maji inakizimua kinywaji kabla hakijapoa. Na onja kikiwa baridi, kwani ubaridi hufifisha utamu. Kilichokuwa sawa kabla ya barafu kitakuwa kichachu baadaye.

Kwa limoncello, likya ya limau ya Kiitaliano, hesabu ni nyingine. Kilevi chake ni kama asilimia 30 na ni tamu zaidi, kwa hiyo acha shira kabisa.

La mwisho ni ganda. Harufu ya Cointreau inatoka kwenye maganda ya machungwa matamu na machungu, na chungwa chungu ndilo danzi letu, linaloachwa lianguke chini ya miti. Menya ukanda mwembamba bila nyama nyeupe, maana hiyo ni chungu tupu, ukaukunje juu ya glasi mpaka mafuta yarukie kinywaji.