Umelipia gemu miaka mingi: unachostahili, na unachopewa

Mtu anayelipia huduma ya kucheza mtandaoni mwaka baada ya mwaka anamrahisishia mwenye huduma mambo matatu. Hahitaji kutangaziwa upya. Pesa yake inajulikana kabla mwezi haujaanza. La tatu ndilo husahaulika: uwepo wake kwenye seva ndio unaomfanya mgeni apate mtu wa kucheza naye. Mechi ya watu kumi haianzi wakiwa sita, na wale sita wakisubiri sana hufunga konsoli wakalala. Kwa hiyo anayeuliza kama mteja wa muda mrefu anastahili zawadi ajibiwe ndiyo, tena kwa haki, si kwa hisani. Penye ubishi ni aina ya zawadi, maana nyingi zinazotolewa kwa jina la uaminifu ni kilemba cha ukoka: beji kando ya jina, fremu ya picha, skini ya silaha (pambo la kubadilisha mwonekano wake) ambayo wenzako hawatakaa kuitazama.

Ukitaka kujua kampuni inamthamini nani, tazama bei. Kwa vipindi kadhaa Xbox Game Pass, usajili wa Microsoft unaokupa maktaba ya gemu, uliuzwa kwa dola 1 kwa kuanzia, na ofa hiyo ilikuwa ya wateja wapya. Aliyekuwa ndani alilipa bei kamili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Humu wenyeji wameshika jembe tangu zamani. Mantiki ya biashara iko wazi: mwenye maktaba kubwa, marafiki kwenye orodha na maendeleo ya miaka kwenye hifadhi ya mtandaoni si rahisi kuondoka, kwa hiyo hakuna haraka ya kumbembeleza. Ndiyo sababu baadhi ya huduma huonyesha punguzo pale tu unapobonyeza kitufe cha kusitisha. Si vibaya kukibonyeza uone, mradi usome kila ukurasa: kusitisha makato ya moja kwa moja kwa kawaida hukuachia muda uliokwisha kuulipia, ila kuomba kurudishiwa pesa kunaweza kuufuta muda huo papo hapo. Ni vitu viwili tofauti na mara nyingi vimewekwa kwenye menyu moja.

Mfano wa bei ulio wazi zaidi ni wa Septemba 2023, Sony walipopandisha bei ya PlayStation Plus, usajili wao wa kucheza mtandaoni wenye ngazi tatu. Nchini Marekani ngazi ya Essential ilitoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka, Extra kutoka 99.99 hadi 134.99, na Premium kutoka 119.99 hadi 159.99. Ongezeko hilo liliwapata wanunuzi wa miezi 12 peke yao. Bei ya mwezi mmoja na ya miezi mitatu haikuguswa. Yaani aliyekubali kujifunga muda mrefu ndiye aliyeongezewa. Mwaka ulibaki nafuu kuliko kulipa mwezi mmoja mmoja, ambapo Essential ilifika dola 119.88, lakini akiba ilishuka kutoka karibu dola 60 hadi karibu 40. Waliokuwa ndani waliachiwa bei ya zamani mpaka siku yao ya kuhuisha itakayoangukia Novemba 6 au baadaye. Mtego ulikuwa kwenye sentensi iliyofuata: aliyepanda ngazi, aliyeshuka ngazi au aliyeongeza muda kuanzia Septemba 6 aliingia kwenye bei mpya. Tangazo la bei likitoka, basi, usiguse usajili wako kabla ya kutafuta aya inayowahusu wanachama wa sasa. Mara nyingi kuna siku chache za kununua muda kwa bei ya zamani, na mara nyingi kuna kitendo kimoja kinachokuondolea ulinzi huo.

Linganisha na Januari 22, 2021. Microsoft walitangaza bei mpya za Xbox Live Gold, usajili wao wa kucheza mtandaoni wa wakati huo, miezi sita ikawa dola 59.99, kiasi ambacho kilikuwa kinanunua mwaka mzima. Hata katika tangazo hilo kali waliandika kwamba wanachama wa miezi 6 na 12 waliokwishajiunga wangeendelea kuhuisha kwa bei yao. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyo hiyo walirudi nyuma, wakaahidi pia kwamba gemu za bure hazitahitaji Gold tena. Ile sentensi ya kumfungia mwenyeji bei yake ilizama na tangazo lake. Inasikitisha kidogo, kwa sababu kwangu hiyo ndiyo zawadi bora ya uaminifu: haihitaji pointi, haichakai, na kila mwenye akili ya hesabu anaiona thamani yake.

Pointi ndizo zinazowapoteza watu. Kanuni ya kuzipima ni moja: gawa thamani ya vocha kwa pesa unayopaswa kutumia ili kuipata, upate asilimia. Kisha jiulize utumie kiasi gani ili asilimia hiyo irudishe ada yako ya mwaka. Chukua PlayStation Stars, mpango wa pointi wa Sony ulioanza 2022. Mwanachama wa PlayStation Plus alipata pointi 10 kwa kila dola aliyotumia kwenye duka la PlayStation, na pointi 1,250 zilibadilishwa kuwa dola 5 za pochi, yaani salio la akaunti la kununulia dukani humo. Hiyo ni dola 125 za manunuzi kwa dola 5, sawa na asilimia 4. Ili pointi pekee zirudishe dola 79.99 za Essential, ungepaswa kununua gemu za karibu dola 2,000 ndani ya mwaka. Asilimia 4 si dharau kwa mtu ambaye angenunua hata hivyo. Ila ukinunua gemu kwa bei kamili leo ili upate pointi, wakati mwezi ujao itashuka kwa asilimia 30, umejikata mwenyewe.

Pointi pia hufa. Kuzipata hukoma, muda wa kuzitumia huwekewa mwisho, na hakuna anayekuomba ridhaa. Sony walitangaza kuifunga Stars mwaka 2025: pointi zikaacha kupatikana Julai 23, na mwisho wa kuzitumia ukawekwa Novemba 2, 2026. Nintendo nao waliacha kutoa pointi zao, Gold Points, Machi 2025, baada ya miaka ya kurudisha asilimia 5 kwenye manunuzi ya dijitali. Zilizokuwapo ziliendelea kuisha miezi 12 baada ya kupatikana. Microsoft Rewards, mpango wa pointi wa Microsoft, hufuta pointi iwapo akaunti itakaa miezi 18 bila kupata wala kutumia. Usiweke pointi kama akiba. Zikifika kiwango cha chini kabisa cha kubadilishia, badilisha. Salio la pochi kwa kawaida halina tarehe ya kuisha kama pointi, hivyo hata kama huna cha kununua, hamisha.

Ndani ya gemu zenyewe, ambako mchezo mmoja hulipiwa kila mwezi, zawadi za wakongwe zina historia ndefu na makosa ya kujifunza. Ultima Online, iliyotoka 1997, iliongeza ukomo wa ujuzi wa mhusika kwa pointi 5 kwa kila mwaka wa akaunti, kutoka 700 hadi 720 kwa miaka minne. Namba ni ndogo, lakini ni nguvu halisi, na mchezaji mpya hawezi kuipata kwa bidii yoyote isipokuwa kusubiri. RuneScape mwaka 2011 ilianzisha pointi za uaminifu kwa wanachama, na miongoni mwa vilivyouzwa kwa pointi hizo vilikuwamo aura, nguvu za muda zenye faida katika uchezaji. Hapo ndipo mambo huharibika kwa njia mbili. Wapya huona mlango umefungwa. Na akaunti yenye umri huwa bidhaa: inanunuliwa kinyume cha masharti, inaibwa, na mwenye halali anabaki kujieleza kwa huduma kwa wateja. Kama una akaunti ya miaka mingi yenye vitu visivyopatikana tena, washa uthibitishaji wa hatua mbili leo na uhifadhi risiti ya malipo ya kwanza kabisa. Maswali ya kuthibitisha umiliki mara nyingi hurudi kwenye malipo ya zamani.

Nguvu isiyomdhuru mwingine inavumilika. EverQuest iliwapa wenye akaunti za umri uwezo wa kupata mara mbili, kwa nusu saa, pointi za uzoefu zinazompandisha mchezaji ngazi, mara moja kwa siku. Hakuna anayeshindwa kwa sababu jirani yake kapanda ngazi mapema kwenye mchezo wa kushirikiana. Kwenye mchezo wa mashindano, kitu hicho hicho ni upendeleo.

Kosa lingine ni kuhesabu miezi mfululizo badala ya jumla. Mtu akiugua, akikosa kazi, au kadi yake ikikataliwa kwa sababu imeisha muda, miaka minne inarudi sifuri. Final Fantasy XIV ilihesabu vizuri zaidi: zawadi zake za wakongwe zilifunguka kwa jumla ya siku zilizolipiwa, hivyo mapumziko hayakufuta kitu. Unapokuta mpango wa uaminifu popote, tafuta kwanza neno “mfululizo”. Likiwapo, angalia tarehe ya kuisha kwa kadi yako ya benki kabla ya tarehe ya makato, kwa sababu hapo ndipo wengi hukatikia. Kuweka salio kwenye pochi ya akaunti siku chache kabla ni kinga nzuri, lakini hakikisha kwenye mipangilio kwamba pochi ndiyo hukatwa kwanza.

Gemu za kila mwezi zinahitaji uangalifu wa aina yake, kwa kuwa watu wengi huziita zawadi. Za PlayStation Plus Essential lazima uziongeze kwenye maktaba ndani ya mwezi wake. Usipofanya hivyo huzipati tena kwa usajili. Ukiziongeza hubaki zikichezeka alimradi unalipa, zikafungwa ukiacha, zikafunguka ukirudi. Huhitaji kuzipakua, kubonyeza tu kunatosha, hata kwenye simu. Gemu za katalogi ya Extra, ile maktaba unayoikuta ukiwa kwenye ngazi hiyo, ni tofauti: zikitolewa kwenye katalogi zimekwenda, hata uwe mwanachama wa tangu siku ya kwanza. Kwenye Games with Gold, gemu za kila mwezi za wanachama wa Xbox Live Gold zilizokoma Septemba 2023, gemu za Xbox 360 zilikuwa zako moja kwa moja hata ukiacha kulipa. Hiyo ilikuwa zawadi. Hizo nyingine ni mkopo.

Kupanda ngazi ukiwa na muda mwingi uliolimbikiza kuna gharama isiyoonekana mapema. PlayStation Plus hukutoza tofauti ya ngazi kwa muda wote uliobaki, si kwa mwezi mmoja unaotaka kujaribu. Mwenye miaka miwili mbele anashangaa kuona bili nene kwa sababu ya gemu moja. Panda ngazi muda ukikaribia kuisha. Xbox walifanya kinyume, na waliokuwa na akiba walifaidi: Game Pass Ultimate, ngazi iliyojumuisha Gold na Game Pass, ilipokuja 2019, miezi ya Gold iligeuzwa kuwa Ultimate mwezi kwa mwezi, hadi miezi 36. Julai 2023 uwiano ukabadilishwa, miezi mitatu ya Gold ikawa miwili ya Ultimate. Kulimbikiza muda, basi, kunalipa pale tu masharti ya kubadilisha yanapokupendelea. Yasome kabla ya kununua kadi ya pili. Na kadi za zawadi zilingane na nchi ya akaunti, si nchi uliyopo. Kadi ya nchi nyingine hukataliwa, na msimbo uliokwanguliwa haurudishwi dukani.

Kuna mteja mmoja mwaminifu kuliko wote: aliyesahau kwamba analipa. Nchini Uingereza mamlaka ya ushindani, CMA, ilichunguza makato ya moja kwa moja ya huduma hizi, na mwaka 2022 kampuni tatu kubwa zilikuwa zimebadilika. Microsoft walikubali kuwasiliana na wanachama wasiotumia huduma kwa muda mrefu na hatimaye kuacha kuwakata wakiendelea kutoitumia. Sony walikubali jambo linalofanana na hilo, na Nintendo wakaacha kuuza usajili wenye makato ya moja kwa moja kama chaguo lililowashwa tayari. Nje ya Uingereza usitegemee kukumbushwa. Zima makato siku ile ile unayonunua mwaka, weka kikumbusho kwenye simu siku 14 kabla ya mwisho, na siku hiyo fungua historia ya kucheza: kama katika miezi miwili iliyopita umecheza gemu za bure tu, kwenye PlayStation na Xbox gemu nyingi za aina hiyo hazihitaji usajili.

Kabla ya kuacha muda uishe, shughulikia hifadhi ya maendeleo. Nintendo huweka data za mtandaoni siku 180 baada ya uanachama kukoma. Ukirudi ndani ya muda huo unazikuta. Xbox huhifadhi bila usajili. Kwenye PlayStation 4 nakili kwenye kiendeshi cha USB kabla ya siku ya mwisho. PlayStation 5 hairuhusu kunakili data za gemu zake kwenye USB kama PlayStation 4 inavyofanya, kwa hiyo mashine hiyo usiifute wala kuiuza kabla hujahakikisha kwamba data hizo zimehifadhiwa mahali pengine.