Kutazama mazoezi ya timu za AFL kabla ya msimu: usimame wapi, utazame nini

Hakuna burudani ya michezo iliyo rahisi kwa mfuko huko Australia kama mazoezi ya maandalizi ya timu za AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia. Yakiwa wazi kwa watu, kwa kawaida hakuna tiketi wala foleni, na mchezaji ambaye Aprili utamwona kwa mbali kutoka jukwaa la juu la MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, Desemba anapita hatua chache tu kutoka kwenye uzio ulioegemea. Shida ni kwamba wengi hukaa juani saa mbili, kisha wakarudi na habari moja: nani kafunga goli kali. Habari hiyo haina faida kubwa. Cha kutazama ni nani yuko kundi gani, kocha anamsimamisha wapi, na nani anamaliza tizi.

Kwa ambaye mchezo wenyewe bado ni mgeni kwake: mpira wa Australia huchezwa na watu 18 kila upande, kwenye uwanja wenye umbo la yai ambao urefu wake ni kati ya mita 135 na 185. Kila mwisho una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni pointi 1. Kutoa pasi ni kwa mguu au kwa kuupiga ngumi, kurusha ni kosa. Anayedaka mpira uliosafiri mita 15 au zaidi bila kuguswa hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa.

Msimu huanza Machi, lakini wachezaji hurudi kazini Novemba, na si wote kwa siku moja. Walio katika mwaka wao wa kwanza hadi wa nne hutangulia, wakongwe hufuata kama wiki mbili baadaye. Drafti, yaani mgawanyo wa vijana wapya kwa klabu, nayo hufanyika Novemba, kwa hiyo sura ngeni huanza kuonekana siku chache baada yake. Kisha inakuja likizo ya Krismasi, na Januari kazi inaanza upya. Kama una nafasi ya siku mbili tu, chukua moja mapema Desemba na nyingine Februari. Ya kwanza itakuonyesha miili na sura mpya, ya pili itakuonyesha kikosi. Siku ya katikati ya Januari ni nzuri pia, ila kwa mgeni inachosha: mbio nyingi, mpira kidogo.

Melbourne ndiko kwenye neema, maana nusu ya klabu 18 za ligi ziko huko. Collingwood wako Olympic Park, Melbourne hutumia Gosch's Paddock, ambayo ni bustani ya umma, na Richmond wana makao yao Punt Road, ubavuni mwa MCG. Vyote vitatu vinafikika kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Richmond, kwa hiyo ukikuta klabu moja imefunga milango unaweza kuvuka tu kwenda kwa jirani. Western Bulldogs wako Whitten Oval, Footscray. Essendon wako Tullamarine karibu na uwanja wa ndege, na bila gari safari hiyo ni usumbufu. Kwa Wakongomani na Warundi wanaoishi Logan na Ipswich kule Queensland, walio karibu ni Brisbane Lions, mabingwa wa 2024 na 2025, ambao uwanja wao wa mazoezi uko Springfield.

Usitoke nyumbani kabla ya kuangalia ukurasa wa klabu asubuhi ileile. Mazoezi huhamishwa kwa sababu ya joto, ukarabati wa nyasi, au kocha kutaka faragha. Siku ya joto kali huweza kuanza mapema zaidi ya ilivyotangazwa, na anayefika saa nne kwa saa zetu za Kiswahili anakuta wamebaki wanaojinyoosha.

Beba kofia pana, mafuta ya kuzuia jua ya SPF 50 (paka tena kila baada ya saa mbili, jua la kiangazi la huko si la kuchezea hata kwa ngozi nyeusi), maji lita moja na nusu, na kiti cha kukunja. Darubini ya 8x42 inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na kuonyesha eneo dogo mno. Kubwa kuliko vyote ni karatasi yenye majina na namba. Wachezaji huvaa kofia, na kuna vijana wapya ambao picha zao hujaziona. Bila namba utamsifia mtu asiye yeye.

Kuhusu mahali pa kusimama, mazoea huwapeleka watu katikati ya ubavu wa uwanja kama wako kwenye soka. Hapo unaona kasi na mgongano, lakini huoni mpangilio. Wachambuzi wa klabu hurekodi kutoka nyuma ya magoli, juu, kwa sababu kutoka hapo ndipo unaona upana: nani amefunga njia ya kulia, nani ameacha pengo la mita 30 upande wa pili. Kama kuna kilima au ngazi nyuma ya goli, panda. Ila usigeuze mgongo hata sekunde moja. Mpira ule ni wa ngozi ngumu na hufika huko kutoka mita 50.

Sasa, makundi. Hapa ndipo palipojaa habari, na ndipo watu wasipotazama. Kundi kubwa liko katikati na makocha. Pembeni, karibu na mstari wa mpaka, kuna kundi dogo pamoja na mtaalamu wa viungo: hao ndio wanaorudi kutoka majeruhi au wanaopunguziwa mzigo. Angalia miguu yao kwanza. Mwenye raba anayezunguka uwanja polepole bado yuko mbali. Akivaa daluga na kukimbia moja kwa moja, amepanda ngazi. Ngazi inayofuata ni kukata kona na kusimama ghafla, kisha kupiga mpira, kisha kuingia mazoezi ya kundi bila kugongwa, na mwisho kabisa mazoezi kamili. Aliyekatika ligamenti ya mbele ya goti kwa kawaida huchukua karibu mwaka mzima kuimaliza safari hiyo. Aliyeumia msuli wa nyuma ya paja huweza kuimaliza kwa wiki kadhaa, lakini ngazi inayomrudisha nyuma ni ileile kila mara: mbio za kasi ya juu kabisa. Ukimwona anakimbia kwa asilimia themanini hivi, tena na tena, bila kuachia, jua hapo ndipo mtaalamu wake anapopaogopa.

Katika makundi yale utaona pia vizibao au kofia za rangi tofauti ndani ya kundi kubwa lenyewe. Mara nyingi rangi moja humaanisha huyu asigongwe. Kila klabu ina rangi zake, kwa hiyo usihamishe ulichojifunza Collingwood ukakitumia Carlton. Tazama dakika kumi za kukabana na utaijua mwenyewe.

Mchezaji akitoka katikati ya mazoezi usikimbilie kutangaza msiba. Kila mmoja ana kifaa kidogo cha GPS kati ya mabega, na benchi la ufundi linajua amekimbia mita ngapi na ngapi kati ya hizo zilikuwa za kasi. Akifika kiwango alichopangiwa anatolewa. Vijana wa mwaka wa kwanza ndio hutolewa zaidi, kwa sababu mzigo ukipanda ghafla kwa mwili usiouzoea, mifupa ya nyayo, ya muundi na kinena ndiyo inayolipa. Wakongwe wa miaka thelathini na zaidi nao wanaweza kukosa siku nzima kwa mpango. Dalili ya jeraha la kweli ni nyingine: anasimama ghafla, anashika nyuma ya paja au kigimbi, anatembea na daktari, na daluga zinavuliwa kabla hajafika kwenye barafu.

Siku za mwanzo kuna jaribio la mbio za kilomita 2. Anayemaliza karibu na dakika 6 ni mkimbiaji hasa. Wale warefu wanaoruka kugombea mpira katikati ya uwanja wakitumia dakika 7 hakuna anayewalaumu. Usipime kwa kuhesabu mizunguko, maana viwanja havilingani. Kwenye uwanja wenye urefu wa mita 160 na upana wa 140, mzunguko mmoja ni kama mita 470, kwa hiyo kilomita 2 ni mizunguko minne na ushee. Usilinganishe klabu na klabu pia. Upepo na nyasi hubadilisha sekunde nyingi. Linganisha mtu na mtu wa timu yake, na zaidi tazama mita 400 za mwisho: nani anapandisha kasi na nani anaburuzwa.

Baada ya kupasha misuli, wawili wawili hupigiana mpira kwa umbali wa mita 15 hadi 20. Wengi huutumia muda huu kufungua viti na kusalimiana, na ni hasara. Tazama mkono unaouachia mpira: ukishushwa chini karibu na mguu, mpira huzunguka kinyumenyume na kuruka ulionyooka, ukiachiwa juu, upepo unauchukua na mpigo unayumba. Tazama pia mguu ambao si wake. Mchezaji anayekwepa kuutumia hapa, bila adui, hatautumia Juni akiwa amebanwa.

Yanafuata mazoezi ya pasi za ngumi katika mraba mdogo, sita dhidi ya wanne au hesabu ya namna hiyo, halafu kuusafirisha mpira kutoka goli hadi goli. Katika hili la pili acha kuufuata mpira kwa macho. Chagua beki mmoja na umfuate dakika tano. Kazi ngumu ya beki wa kisasa ni kumwacha mtu wake kwa wakati sahihi na kwenda kudaka mpira uliolengwa mwingine. Akiondoka mapema, mpinzani anabaki peke yake. Akichelewa, amefika kusindikiza. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya, aliingia kikosi bora cha ligi cha mwaka 2021 akiwa na Port Adelaide kwa ustadi wa namna hiyo hasa, na huwezi kuuona ukitazama mpira tu.

Kitu cha kuandika kwenye karatasi yako kwa kalamu nzito ni mchezaji aliyehamishwa nafasi. Maandalizi ndiyo wakati wa kocha kujaribu: mshambuliaji anapelekwa kwenye mabeki, winga anaingizwa kiungo. Siku moja si kitu, pengine ni kuziba pengo la majeruhi. Akionekana na kundi lile lile la kocha wa mabeki wiki tatu mfululizo, hapo kuna habari. Vilevile, wakifanya zoezi la kurusha mpira katikati, hesabu wanne wa kwanza wanaoingia: mrukaji mmoja na viungo watatu, maana idadi hiyo ndiyo inayoruhusiwa kila timu ndani ya mraba wa kati mechi inapoanza. Desemba rangi huchanganywa makusudi. Februari ukiona wanne wale wale wamevaa rangi moja, kikosi kimeanza kujitaja.

Mechi za wao kwa wao ndizo zinazodanganya zaidi. Kocha anaweza kupuliza filimbi, akarudisha mpira nyuma na kuanza upya kwa sababu watu watatu walisimama vibaya, na goli lililofungwa likawa halina maana. Mabavu nayo huongezwa kidogo kidogo: mapema hakuna kuangushana kabisa, kwa hiyo kijana mrefu anayedaka mipira kumi Desemba pengine anadaka kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumsukuma. Msubiri Februari, siku ya kuangushana kikamilifu. Akidaka minne hapo, mwandike.

Usiondoke filimbi ya mwisho ikilia. Wengi hubaki kupiga magoli miguu ikiwa imechoka, na uchovu huo ndio wa robo ya nne, ya mwisho, ya mechi. Hesabu hatua zao kabla ya mpigo wa kutulia, ule wa kupiga bila kubughudhiwa: mpigaji mzuri ana idadi ileile, pumzi ileile, kutoka pembe yoyote. Anayebadilisha mwendo kila mara atakosa, hata kama leo amepata.

Wakati huohuo ndipo watoto husogea uzioni kuomba saini. Wape kalamu ya wino usiofutika, ya kawaida haiandiki kwenye jezi. Mpira ukivuka uzio, udake kwa mikono yote miwili na uurudishe. Picha ni ruhusa mara nyingi, lakini klabu zikiomba mipangilio isirekodiwe, weka simu mfukoni, la sivyo siku nyingine utakuta pazia kwenye uzio. Na mchezaji akija kusaini, usimuulize paja lake linaendeleaje. Hataweza kukujibu, na umeshayaona majibu miguuni pake.