Muulize Shangazi: Jedwali la akiba linanidai, hamu yote imeisha

*Shikamoo Shangazi. Mi ni fundi cherehani hapa Mbagala, nina fremu ndogo na cherehani moja. Mwezi wa kwanza dada mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp alituma lile jedwali la wiki 52, unaanza na buku wiki ya kwanza, buku mbili wiki ya pili, unapanda hivohivo mpaka wiki ya mwisho unaweka 52,000 na mwaka ukiisha una 1,378,000. Nikasema huu ndo mwaka wangu, maana nataka ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo nyuzi zisichomoke, sa hivi kila nikishona gauni napeleka kwa jirani anifungie na ananilipisha. Kariakoo nimeulizia iliyotumika nikaambiwa 850,000. Basi nilienda vizuri mpaka wiki ya 23, kila Jumamosi natumbukiza kwenye kibubu natia tiki, nikawa na 276,000. Ikaja sendofu ya binti wa mama mwenye nyumba, nikavunja kibubu nikatoa 90,000. Toka hapo sijaweka hata mia. Sasa tuko wiki ya 28, nikiangalia jedwali nadaiwa wiki tano za nyuma jumla 130,000 na ile 90,000 nayo sijairudisha. Wiki ikiwa nzuri, nikishakula na kutoa ya fremu, nabaki na 70,000, ikiwa mbaya 20,000 au chini yake. Wenzangu kwenye grupu wanatuma picha za tiki zao, mi hata kufungua sitaki. Nifanyeje hamu irudi?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ile ya tatu ndo nikaona kitu ambacho umekiandika mwenyewe halafu ukakipita kama mtu anayepita duka analodaiwa: mashine ni 850,000. Sasa hiyo 1,378,000 ni ya nani?

Ni ya jedwali. Ukijumlisha moja mpaka 52 unapata 1,378, weka sifuri tatu, basi, hapo hakuna aliyefikiria ovaloki wala Mbagala wala fremu yako. Ulikuwa na shida ya laki nane na nusu ukabebeshwa mzigo wa milioni na ushee, na mtu akibeba mzigo usio wake lazima achoke, hakuna uvivu hapo. Nakwambia haya kwa kuwa na mimi yamenikuta. Mwaka fulani niliapa kuweka milioni mbili, mume wangu akaniuliza za nini nikakosa jibu, ukweli ni kwamba shoga yangu alikuwa anaweka mbili na mimi nikaona nisiachwe. Mwezi wa tatu nilishaacha na kibubu nikakifanya cha kuwekea vifungo.

Halafu tuliangalie hilo jedwali lenyewe, maana watu wanalisifia tu bila kupiga hesabu. Nusu ya kwanza ya mwaka, yani wiki 26 kamili, ukiweka zote bila kukosa unakuwa na 351,000. Ni robo tu. Robo tatu zote, milioni moja na elfu 27, zimelundikwa kwenye nusu ya pili, na zile wiki nne za mwisho peke yake zinataka 202,000, wiki ambazo ndugu wanasafiri kwenda kwao, watoto wako nyumbani wanakula mara tano kwa siku, na kadi za michango zinamiminika. Ukaja kukwama wiki ya 24, na ulikuwa hujafika hata kwenye mlima. Kuna wanaoligeuza, wanaanza na 52,000 Januari wanashuka, lakini Januari yenyewe ndo ya ada, sare na kodi, kwa hiyo hao nao wengi wanafia njiani mapema zaidi. Kwa mtu mwenye mshahara pengine linaenda, kwa fundi ambaye wiki hii kapata 70,000 na ijayo 15,000 ni kujitafutia presha.

Kwa hiyo lichane. Ile 130,000 unayodaiwa, futa, hakuna unayemdai wala anayekudai. Ile 90,000 imeshaliwa pilau, mwache bibi harusi aende kwake salama. Una 186,000, na kwenye 850,000 hapo imebaki 664,000. Usijifungie Desemba 31, kwani mashine inaoza? Nenda mpaka katikati ya Januari, hizo ni wiki 26 kutoka sasa, ambayo ni kama 26,000 kwa wiki na inabaki kachenji ka nauli ya kuibeba. Nimechagua Januari makusudi, kwa sababu shule zinafunguliwa mwezi huo na wazazi wetu unawajua, sare wanaikumbuka zimebaki siku nne, hapo cherehani yako inalala saa ngapi? Mwezi wa kumi na mbili ukienda vizuri unaweza ukaipata kabla hata shule hazijafunguliwa, ukazifunga sare zote mwenyewe.

Lakini hiyo 26,000 usiifanye ya Jumamosi. Jumamosi hela ishakutana na Ijumaa, na Ijumaa sio mtu mzuri. Wewe unalipwa kwa nguo, basi weka kwa nguo, kila nguo inayotoka mezani na mteja akalipa, buku mbili inaingia kwenye kibubu kabla hujamwambia asante. Nguo 13 ndo hiyo 26,000. Wiki ukishona tano umeweka kumi na hakuna deni la wiki iliyopita, wiki ukishona ishirini umeweka arobaini na hujaumia. Hapo ndo utaona tofauti, ile karatasi ya tiki ilikuwa inakusuta wiki mbaya, hii inatembea na wewe.

Sasa hamu, maana ndo swali lako. Mi siamini hamu inarudi kwa kubandika picha ya mashine ukutani, nimeona watu wamebandika picha za magari mpaka zimepauka. Fanya hivi, chukua daftari, kila ukimlipa jirani kukufungia pindo andika umemlipa shilingi ngapi. Usimwonyeshe, atakuchukia. Mwisho wa mwezi jumlisha. Nakuhakikishia utaweka buku mbili zako kwa hasira, na hasira ya namna hiyo inadumu kuliko hamu.

Kuhusu kibubu, kiwe cha kupitia tu. Hela ikikaa ndani unaijua mpaka sauti yake, na siku mama mwenye nyumba akigonga na kadi unaisikia inakuita. Ikifika kama laki moja itoe uipeleke mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu kidogo. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ule wa Umoja upo tangu 2005, wa Ukwasi ndo unafaa zaidi kwa hela ya miezi michache kama yako, unaingiza kwa simu na ukitaka kutoa unasubiri siku kadhaa za kazi, na huko kusubiri ndo dawa yenyewe, kwa sababu sendofu haisubiri, itakuwa imeshapita. Au kama una wenzako wa kuaminika chezeni mchezo, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, na umwambie kijumbe, yule anayekusanya hela, akupe zamu ya mwisho. Kila mtu anagombania ya kwanza, ya mwisho hawaitaki, lakini anayepokea mwisho ndo aliyeweka akiba kweli, wa kwanza kakopa. Na mtu huyohuyo anayeshindwa kuweka buku peke yake hakosi mchezo hata siku moja, anaogopa aibu ya kijumbe kusimama mlangoni. Ila iwe watu unaojua na kwao wanakokaa, maana aliyepokea wa kwanza akihama usiku wewe wa mwisho ndo unalia.

La mwisho ni michango, na hapa nitakugombeza kidogo. 90,000 kwa binti wa mwenye nyumba? Najua ulikuwa unaangalia na kodi yako, usinidanganye. Tenga fungu la michango la mwezi, sema 15,000, likiisha limeisha, kadi inayokuja baada ya hapo unajibu "nimepokea, nitaangalia" na siku ya sherehe unaenda kuosha vyombo. Na hilo grupu la tiki toka kimyakimya, au lifunge sauti kama unaogopa maneno.

*Shangazi, mimi ni mwalimu Tabora. Kila mwezi mshahara ukiingia natenga 150,000, lakini ikifika tarehe 20 najikopesha mwenyewe nasema nitarudisha, na sijawahi kujilipa. Mwaka wa tatu huu. Nina tatizo gani?*

Mwalimu, una mkopaji sugu na wewe ndo unayempa. Ukihesabu miezi miwili mitatu utakuta unajikopesha kiasi kilekile, tuseme 70,000, na hapo jibu unalo, akiba yako halisi ni 80,000, hiyo 70,000 ilikuwa hela ya mboga iliyovaa suti. Weka 80,000 usiiguse na iliyobaki kula bila kujiona mwizi. Mwaka ukiisha una 960,000 ambazo miaka mitatu hii hujawahi kuziona. Ukipandishwa daraja ndo tuongee tena kuhusu 150,000.

*Shangazi yangu shikamoo, mie wa Mombasa. Nilipania niweke shilingi 60,000 mwaka huu za kuhamia nyumba yangu, dipoziti na kodi ya mwanzo na vitu vidogo. Nilizifunga M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, nikajibana kweli, chai kavu, matatu nashuka kituo kimoja kabla. Sasa ni mwezi wa kumi zimetimia, nami badala ya kufurahi sina raha, siku nzima naangalia simu mpya za madukani. Nifanyeje nisizile?*

Marahaba mwanangu, hongera, chai kavu miezi kumi si mchezo. Ulichoka kuweka na sasa huna cha kuwekea, ndo maana macho yanazurura. Hela ikishatimia haitakiwi kukaa ikiangaliwa, ilikuwa ya nyumba, sasa unangoja nini, mwezi wa kumi na mbili ufike kwa sababu ulisema mwaka? Nenda kaione hiyo nyumba kesho, jaribu bomba kama maji yanatoka, uliza stima ni mita ya peke yako au ya kuchangia. Ukiipenda lipa na udai risiti yenye jina lako. Simu utainunua ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe. Mwenye nyumba anapatikana saa ngapi?