Miezi 10, dola 6 na senti 82

Barua za wasomaji kuhusu kazi za mtandaoni, na majibu kutoka Mwanga, Kigoma

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mfugaji wa nyuki, niko mkoa wa Tabora, upande wa Sikonge. Mwaka jana nilifungua tovuti yangu ndogo ya Kiswahili. Nafundisha kutundika mizinga, kurina asali bila kuua nyuki, kuchuja asali na kuyeyusha nta. Nina makala 41, zote nimeandika kwa mkono wangu. Januari mwaka huu Google AdSense walinikubali nikaweka matangazo yao. Mpaka sasa ni miezi 10, kurasa zangu zimefunguliwa kama mara 17,000, na nimepata dola 6 na senti 82. Jina la tovuti pamoja na mahali pa kuihifadhi nalipia shilingi 95,000 kwa mwaka. Mke wangu ananiuliza hii kazi ya usiku ina faida gani, nakosa la kumjibu. Rafiki yangu ameniunga kwenye grupu la WhatsApp la watu 60, kila asubuhi kila mtu anabofya matangazo ya mwenzake. Mwingine ananishauri niachane na Kiswahili, niandike Kiingereza. Nishike lipi?
Mrina asali, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hilo grupu. Jitoe leo, kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Futa na namba ya aliyekuunga kama ataendelea kukusumbua.

Nakwambia hivi kwa sababu yameshanikuta. Nilikuwa na intaneti kafe hapa Mwanga, kompyuta 6, na pembeni nina tovuti yangu ya safari za ziwani: boti zinaondoka lini Kibirizi, nauli ya kwenda vijiji vya Gombe, nyumba za wageni ambazo maji hayakatiki. Mpwa wangu alikuwa ananisaidia kufunga kafe jioni. Akaona natazama vile visenti kwa huzuni, akaamua kunifurahisha. Kila akifunga, alikuwa anapita kompyuta moja moja, anafungua tovuti yangu, anabofya matangazo. Siku chache tu zikatosha. Nilikuwa nimefikisha dola 71 kwa kampuni moja ya matangazo, sina haja ya kuitaja maana kosa lilitoka nyumbani kwetu. Asubuhi nakuta barua pepe: akaunti imefungwa, pesa zimerudishwa kwa waliotangaza. Mpwa wangu alilia kuliko mimi.

Hawa watu wanaona mengi kuliko tunavyodhani. Wanaona simu zilezile zinarudi saa ileile, zinabofya halafu haziangalii kilichotangazwa, hazinunui, zinahamia tovuti nyingine ya mwanagrupu na kufanya vilevile. Watu 60 wanaobofyeana wanajichora wenyewe kama kundi la ng'ombe kwenye vumbi. AdSense wakikufungia kwa kosa hilo, kwa kawaida hawakuruhusu kufungua akaunti nyingine, na jina lako ndilo lililoandikwa pale. Halafu jambo ambalo grupu lenu huenda halijalisikia: tangu mwaka 2024 AdSense wanalipa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubofywa kama ilivyokuwa zamani. Mnajihatarisha kwa hesabu iliyokwishabadilika.

Sasa dola zako 6 na senti 82. Gawanya kwa mara 17 ambazo kurasa 1,000 zimefunguliwa, unapata senti 40 kwa kila kurasa 1,000. Kwa mwendo huo, dola 100 ambazo lazima zifike ndipo walipe utazisubiri zaidi ya miaka 12. Ukitaka dola 100 kila mwezi, unahitaji kurasa 250,000 kwa mwezi, na wewe unapata 1,700. Nimeziandika hivi kwa sababu kuna watu wanauza kozi mtandaoni za kutajirika na AdSense, na hii hesabu ya darasa la sita hawaiweki ubaoni.

Kwa nini senti 40? Ukurasa wako unapofunguka, kabla hata picha haijashuka, unapigwa mnada. Mitambo ya watangazaji inaulizana: msomaji huyu yuko nchi gani, ukurasa unahusu nini, nani anatoa bei? Aliyepanda bei ndiye tangazo lake linatokea. Muuza bima wa Marekani anaweza kutoa pesa nyingi ili aonekane na Mmarekani mmoja anayetafuta bima, maana akimpata atakula naye miaka. Lakini kwenye mnada ule nani anamgombania mfugaji wa nyuki wa Sikonge? Nenda mwalo wa Katonga siku dagaa wameshuka wengi na mnunuzi ni mmoja, utaelewa bei yako inatoka wapi. Dagaa ni walewale wazuri. Wanunuzi ndio hawapo.

Ndiyo maana anayekushauri Kiingereza hajakosea kabisa. Wanunuzi wa matangazo ya Kiingereza ni wengi. Lakini na wauzaji ni wengi, mwanangu. Kuhusu nyuki kwa Kiingereza utakutana na vyuo vikuu, vyama vya wafugaji vya Ulaya na Marekani, tovuti za miaka 20 zenye watu wa kuajiriwa. Nani atakufikia ukurasa wa 9 wa matokeo? Kwa Kiswahili, mtu wa Kaliua au Mlele akiuliza namna ya kuzuia siafu wasipande kwenye mzinga, wewe uko juu. Hiyo nafasi usiiuze kwa senti. Ukitaka, andika kurasa mbili tatu za Kiingereza kwa mnunuzi wa nje anayetafuta asali ya miombo, uishie hapo.

Sasa nikupe ninachokiamini. Wanunuzi wa msomaji wako wapo, ila hawaingii kwenye mnada wa Google. Wako Tabora mjini na hata Sikonge yenyewe, hawajui kama kurasa zako zinafunguliwa mara 1,700 kwa mwezi. Seremala anayetengeneza mizinga ya kisasa. Mwenye duka la ndoo na chupa za asali. Anayeshona mavazi ya kurinia. Mwenye mashine ya kukamulia, mwenye fuso linalopakia asali kwenda Dar. Kila mmoja wao angempa mtu pesa amletee wateja, na wateja unao.

Mimi nilianza na mzee mmoja pale Kibirizi, anauza vipuri vya injini za boti. Nilimwendea asubuhi, amekaa mlangoni, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wangu wa ratiba za boti. Akausoma wote, polepole, akanisahihisha siku moja ya safari ambayo nilikuwa nimekosea, kisha akauliza: "Na mimi nitakaa wapi hapa?" Nikamwonyesha. Tukakubaliana shilingi 15,000 kwa mwezi, mwezi wa kwanza bure. Nilipiga picha ya duka lake, kibao cha rangi ya bluu kinaonekana vizuri, nikaandika vipuri alivyonavyo na namba ya simu. Yeye akachukua daftari la madeni, akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, akasema kila atakayepiga simu na kusema amemwona mtandaoni, ataweka mkwaju, yaani mstari mmoja wa kuhesabia.

Mwisho wa mwezi nikarudi. Mikwaju 4. Nikaona aibu, nikajua ataniambia basi. Akasema mmoja kati ya hao wanne alinunua propela na pampu ya maji, na faida yake peke yake ilizidi pesa yangu. Akanilipa miezi mitatu kwa mkupuo. Mwezi uliofuata mikwaju ilikuwa 11. Ule ukurasa wa daftari niliupiga picha, kwa ruhusa yake, na ndio niliokwenda nao kwa mwenye nyumba ya wageni na kwa fundi wa sola. Sikuhitaji kuwaeleza intaneti ni nini. Waliitazama ile mikwaju.

Kwa hiyo usimwendee mtu na idadi ya kurasa. Mwambie: "Niweke mwezi mmoja bure, tuhesabu simu." Ukipata wawili wa shilingi 20,000, kwa mwezi mmoja umeshazidi mara mbili ulichopata kwa miezi 10, na ndani ya miezi mitatu gharama ya mwaka imelipwa na chenji inabaki. AdSense usiing'oe, haikatazi matangazo yako mwenyewe kukaa pembeni yake. Ila andika neno TANGAZO juu yake, kubwa, lisomeke. Na mzinga usiouona kwa macho usiutangaze. Fungua kifuniko, ukague maungio, uliza mbao ni za mti gani. Wasomaji wako wanakuamini kwenye suala la nyuki, na mzinga mmoja mbovu ukinunuliwa kupitia kwako, habari itafika mpaka Urambo.

Nimeifungua tovuti yako kwenye simu, nikiwa Kibirizi nimekalia dumu nasubiri boti. Ukurasa wa siafu ni mzuri sana, ile namna ya kupaka grisi kwenye waya wa kutundikia mzinga umeieleza vizuri kuliko yeyote niliyemsoma. Lakini kabla ya aya ya tatu nilihesabu matangazo 5, na moja lilikaa juu ya picha ya ule waya, picha ambayo ndiyo somo lenyewe. Umewaachia Google wajiwekee wenyewe. Ingia kwenye mipangilio, punguza, bakiza moja baada ya utangulizi na moja mwishoni. Msomaji wako analipia bando kwa pesa yake. Akikerwa harudi, na wa kurudi ndiye unayemuuza kwa seremala.

Mkeo usimjibu kwa maneno. Nunua daftari, ukurasa mmoja ni gharama, mwingine ni mapato, liwe mezani naye aweze kulifungua. Na uandike hata yale mapato ambayo hayapiti kwenye tangazo: je, kuna mtu aliyesoma akakupigia kununua asali yako? Naamini wapo, kwenye barua umesahau kuwataja. Kwenye tovuti yako nzima sikuona mahali ulipoandika kwamba wewe mwenyewe unauza. Fundi wangu wa sola hapa anauliza bei ya ndoo ya lita 20, nikukutanishe naye?

SWALI: Mama, nimefikisha dola 10 kwenye AdSense na wamesema wametuma barua yenye namba ya siri. Huu mwezi wa pili, sijaiona. Nifungue akaunti nyingine?
Kijana wa Gungu, Kigoma

JIBU: Usifungue nyingine, utajichanganyia mambo. Ile barua ina namba yenye tarakimu 6, na inakuja kwa posta ya kawaida. Kwetu posta haileti barua mlangoni kwa "nyumba ya bati jekundu karibu na msikiti". Mimi ya kwanza haikufika kwa sababu niliandika mtaa nikaacha sanduku. Tazama ulichojaza: lazima kuwe na S.L.P. na namba yake, Kigoma, Tanzania. Kama huna sanduku, omba la shule, la kanisa au la msikiti, la mtu anayekwenda posta kweli, umwambie asubiri barua yenye jina lako. Wiki 3 zikipita, omba namba mpya humohumo kwenye akaunti. Una miezi 4 tangu namba ya kwanza itolewe, baada ya hapo matangazo yanazimwa mpaka uthibitishe. Maombi yakiisha bila barua kufika, kuna njia ya kuwasilisha hati inayoonyesha jina na anwani yako.

Na jina, mwanangu. Jina la kwenye akaunti ya AdSense lifanane na la benki, herufi kwa herufi. Malipo yanatoka kati ya tarehe 21 na 26, na ukiwa umejiandikisha kwa jina la utani, benki itayarudisha. Kabla hujajaza fomu, nenda kaunta uulize SWIFT code ya benki yako, yaani namba ya kuitambulisha benki kwa pesa za kimataifa, na wanakata kiasi gani kwa pesa inayotoka nje.

SWALI: Naandika mapishi ya migebuka na dagaa kwenye blogu yangu. Je, nahitaji leseni ya serikali nikiweka matangazo?
Binti wa Ujiji

JIBU: Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, kwa hiyo usifuate makala ya zamani wala neno la kijiweni, hata langu. Waandikie TCRA wenyewe, eleza kwamba unaandika mapishi na si habari, waambie na matangazo unayoweka, upate jibu la maandishi ulichape ulitunze kwenye faili. Na TIN, ile namba ya mlipakodi, nenda kachukue mapema, usisubiri pesa iwe kubwa. Mapishi ya mgebuka wa mawese nimeyajaribu Jumapili. Ongeza kipimo cha chumvi, hukukiandika.