Maji yaliyojificha ndani ya chumvi kavu

Swali: Nilitakiwa kutengeneza lita moja ya myeyusho wa salfeti ya shaba wenye moli 0.1 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Nikakokotoa kwa CuSO₄, nikapima gramu 16 za zile fuwele za bluu. Mwenzangu wa maabara anasema nilipaswa kupima gramu 25 kwa sababu ndani mna maji. Lakini chumvi ni kavu, hata karatasi hailowani! Maji hayo yako wapi? Nikiyatoa kwa moto, hesabu yangu itakuwa sawa? Na je, njia hiyo inafaa kwa chumvi zote?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. Myeyusho uliotengeneza una moli 0.064 tu. Fuwele za bluu si CuSO₄ tupu, ni CuSO₄·5H₂O: kila moli ya chumvi imebeba moli tano za maji. Uzito wa moli moja unapanda kutoka gramu 159.6 hadi 249.7, yaani asilimia 36 ya ulichoweka kwenye mizani ilikuwa maji.

Karatasi hailowani kwa sababu maji hayo hayako huru kutiririka. Ndani ya fuwele kila molekuli ina mahali pake na imeshikwa hapo. Upande wa oksijeni wa molekuli ya maji una chaji hasi kidogo, na upande wa hidrojeni una chaji chanya kidogo. Ioni ya shaba ina chaji chanya mbili, hivyo molekuli nne za maji huizunguka kwenye pembe nne za mraba, oksijeni zikiielekea, na kila oksijeni huchangia jozi ya elektroni. Molekuli ya tano haigusi shaba kabisa. Imeshikiliwa kwa vifungo vya hidrojeni kati ya salfeti na maji ya jirani. Jambo hili ningependa kila mwanafunzi alifahamu, maana ile nukta katika fomula inataja idadi tu, haisemi nani kashikwa na nani.

Tofauti hizo hujitokeza ukipasha fuwele moto taratibu. Maji hayatoki yote kwa mara moja. Molekuli mbili hutoka karibu na nyuzi 63 za Selsiasi, mbili nyingine karibu na 109, na ya mwisho hung'ang'ania hadi karibu nyuzi 200. Bluu nayo hufifia mpaka unabaki unga mweupe, kwa kuwa rangi ile ilitokana na maji yaliyoizunguka shaba. Dondoshea unga huo maji kidogo: bluu inarudi papo hapo, na neli ya majaribio inapata joto ukiishika. Joto hilo ni nishati inayotoka wakati vifungo vinapoundwa upya.

Kwa hiyo ndiyo, salfeti ya shaba ikikauka hadi kuwa nyeupe kabisa, gramu 16 zitakuwa sawa. Ila sikushauri ujisumbue. Unga huo hunyonya unyevu wa hewa hata ukiwa bado kwenye mizani, na moto ukipindukia mno chumvi yenyewe huvunjika, ikabaki oksidi nyeusi ya shaba. Pima gramu 25 za bluu, yeyusha, kisha ongeza maji hadi alama ya lita moja. Maji yaliyokuwa ndani ya fuwele yatajiunga na mengine, huna haja ya kuyatoa popote.

Ama kuhusu chumvi zote, hapana. Chukua kloridi ya magnesi, MgCl₂·6H₂O. Ukiichoma ikiwa wazi, sehemu ya maji haiondoki kama maji: humenyuka na chumvi, gesi ya kloridi ya hidrojeni ikatoka, na unachobaki nacho si MgCl₂ safi. Gesi hiyo inachoma macho na mapafu, usijaribu nje ya kabati la kuvutia hewa. Na kuna mahali ambapo maji huacha kabisa kuwa maji. Oksidi ya kalsiamu ikikutana nayo hutoa joto kali na kuwa Ca(OH)₂, msombo usio na hata molekuli moja ya H₂O ndani yake. Kuna ioni za hidroksidi tu. Kuyarudisha maji hayo kunahitaji joto la zaidi ya nyuzi 500.

Kabla ya kupima chumvi yoyote, soma fomula nzima kwenye lebo, pamoja na kile kilichoandikwa baada ya nukta. Hata hivyo kuwa mwangalifu na karbonati ya sodiamu yenye maji, Na₂CO₃·10H₂O. Karibu asilimia 63 ya uzito wake ni maji, na ikiachwa wazi huyapoteza yenyewe bila moto, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani haina tena kile lebo inachosema. Hii ndiyo ya kukausha: iweke kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 270 hivi, ipoze ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye kinyonya unyevu), pima, rudisha kwenye oveni, pima tena. Uzito ukiacha kubadilika, kokotoa kwa Na₂CO₃, gramu 106 kwa moli.