Friza ya barafu Wete: ningoje betri ya sodiamu au ninunue lithiamu?

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kwa friza yako ya barafu, na kwa kuwa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) unayo tayari ya volti 48, mimi ningenunua betri ya lithiamu, ile aina ya fosfeti ya chuma, sasa hivi. Tatizo liko kwenye hiyo inveta.

Betri huundwa kwa seli, vipande vidogo vilivyounganishwa. Seli ya lithiamu ya aina hiyo hukaa karibu na volti 3.2 muda mwingi wa kazi. Ya sodiamu huanzia kama volti 4 ikijaa, ikateremka mpaka kama 1.5. Panga seli 16 za sodiamu mfululizo uone: kutoka volti 64 hadi 24! Inveta nyingi za 48 hujizima zikifika arubaini na kitu, na kuchaji hadi 64 haziwezi. Basi umeme wa juu huupati, wa chini huupati, na pesa umeshatoa. Muuzaji akikwambia "chomeka tu", akuandikie jina la inveta inayoikubali.

Sifa za betri ya sodiamu si uongo. Sodiamu imejaa tele duniani, betri yake hustahimili baridi kali (Pemba baridi gani?), na nyingi zinaweza kushushwa hadi volti sifuri zisife, jambo zuri wakati wa kusafirisha. Ila kwa umeme uleule huwa kubwa na nzito zaidi. Nyumbani hilo si neno.

Ukija kubadilisha inveta, hapo uliza tena. Na yoyote utakayoweka, isikae chini ya bati la jikoni. Joto huzila zote.